Somo: Kuzitambua Mapema Dalili za Kisukari cha Aina ya Pili

Kisukari cha aina ya pili hakiumi kinapoanza, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Jino humkosesha mtu usingizi na homa humlaza kitandani, lakini sukari inaweza kupanda kwa miaka kadhaa huku mwenyewe akienda shambani Urambo au sokoni Tabora mjini kama kawaida yake. Kwa sababu hiyo, anayefuata somo hili asitafute maumivu. Aulinganishe mwili wake na ulivyokuwa miezi iliyopita, kisha akapime.

Hatua ya kwanza: Jiulize kama uko katika kundi la hatari

Walio hatarini zaidi ni wenye umri uliopita miaka 40, waliozaliwa katika familia yenye kisukari, wenye kitambi, wenye shinikizo la damu, wanaoshinda wamekaa, na wanawake waliopata kisukari cha mimba au waliojifungua mtoto mwenye uzito wa kilo 4 au zaidi. Aliyemo katika kundi hili apime hata kama hajaona dalili yoyote.

Hatua ya pili: Chunguza kiu na mkojo kwa pamoja

Figo huirudisha sukari kwenye damu, lakini sukari ya damu inapozidi takriban milimoli 10 kwa lita, kazi hiyo huzielemea, na sukari inayomwagika kwenye mkojo huvuta maji mengi ya mwili. Mgonjwa hukojoa sana, hukaukiwa, hunywa maji, kisha hukojoa tena.

Hapa Tabora dalili hii hufichwa na jua la mwezi wa tisa na wa kumi, kwa kuwa kila mtu huwa na kiu. Namna ya kutofautisha ni kuangalia mkojo: mtu aliyekaushwa na jua na jasho hukojoa kidogo, tena mkojo wa rangi nzito, ilhali mwenye sukari iliyopanda hunywa sana na bado hukojoa sana, na mkojo wake mara nyingi huwa mweupe kama maji. Mtu aliyezoea kulala hadi alfajiri, ambaye sasa huamka mara mbili au tatu kwenda chooni kila usiku, asikimbilie kununua dawa za UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kwa kukisia. Asikate kiu kwa soda wala juisi pia, maana atakuwa anaiongeza sukari ileile inayomkausha.

Wazee hutazama kama sisimizi wamekusanyika penye mkojo. Jambo hilo lina msingi, lakini sisimizi wasipoonekana si ushahidi kwamba mtu ni mzima, na wanapokuja sukari huwa tayari imeshapanda sana.

Hatua ya tatu: Angalia nguvu, macho na uzito

Uchovu usioisha hata baada ya kulala, njaa ya mara kwa mara, kupungua uzito bila kukusudia na ukungu machoni ni dalili za kuzingatia. Sukari inayopanda na kushuka hubadilisha lenzi ya jicho, hivyo ni vyema kupima sukari kabla ya kugharamia miwani, vinginevyo miwani hiyo inaweza kukukataa baada ya matibabu kuanza.

Hatua ya nne: Kagua ngozi na miguu

Keti penye mwanga, panua vidole vya miguu kimoja kimoja, na utumie kioo kuona unyayo. Tafuta kidonda kinachochelewa kupona, fangasi wanaorudi, na sehemu zenye ganzi au zinazowaka moto usiku. Tazama pia shingo kwa nyuma na makwapa: ngozi iliyo nyeusi zaidi, nene na laini kama mahameli huashiria kwamba mwili unaikataa insulini, yaani homoni inayoshusha sukari ya damu. Wengi huisugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu. Fangasi wa sehemu za siri wanaojirudia, kwa mwanamke na kwa mwanamume, nao ni sababu ya kupima.

Hatua ya tano: Pima sawasawa

Nawa mikono kwa maji na sabuni, kisha uikaushe kabla ya kutobolewa kidole. Msimu wa maembe jambo hili ni la lazima, kwani majimaji ya embe yaliyobaki kidoleni unaweza kuipandisha namba bila sukari ya damu kuwa imepanda. Kwa kipimo cha asubuhi, kaa bila kula kwa saa 8 au zaidi. Maji matupu yanaruhusiwa. Kiwango cha milimoli 7.0 kwa lita na kuendelea kabla ya kula, au 11.1 na kuendelea wakati wowote kwa mtu mwenye dalili, huhesabiwa kuwa kisukari. Asiye na dalili hurudia kipimo siku nyingine kabla ya kuambiwa ni mgonjwa. Mashine ikionyesha 126 usishtuke mno: hicho ni kizio kingine (miligramu kwa desilita), na ukigawa kwa 18 utapata 7.0.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Sikonge: Shikamoo mwalimu. Sisi ni warina asali. Je, ni kweli kwamba asali haipandishi sukari?

Jibu: Marahaba. Si kweli. Asali imejaa glukosi na fruktosi, na hupandisha sukari ya damu hata ikiwa safi na imetoka mzingani leo.

Mwanachama wa Nzega: Baba yangu ni mwembamba, ila anakojoa sana usiku. Tumwondoe kwenye hesabu?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, wembamba haumkingi. Kwa mzee wa kiume tezi dume nayo huleta hali hiyo, ila mara nyingi mkojo hutoka kidogo kidogo na kwa shida. Apimwe yote mawili.

Mwanachama wa Igunga: Nilipima saa moja baada ya chai na chapati, ikaja 8.2. Je, nianze dawa?

Jibu: Usianze, dada. Namba hiyo baada ya chakula haitoshi kusema una kisukari. Rudi asubuhi ukiwa hujala, upimwe upya. Lakini ukianza kutapika, kupumua kwa kasi au kuchanganyikiwa, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.