Kabla ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, angalia laini yako ina jina la nani

Mwaka juzi, jioni, kwenye foleni ya Buguruni, simu yangu ilitoka dirishani mwa daladala ikiwa mkononi mwa mtu mwingine. Konda akanipa pole, abiria wa nyuma akanikumbusha kwamba kuchezea simu dirishani ni kujitakia. Sikuumia sana. Picha, namba za watu na vyeti nilivyoviskani vyote vilikuwa Google. Kesho yake nikashuka Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nikanunua simu nyingine, nikaandika barua pepe na neno la siri kwa kujiamini. Simu ikajibu: tumekutumia namba ya uthibitisho kwenye laini inayoishia 47. Laini hiyo alikuwa nayo kibaka.

Kurudisha laini iliyopotea ni kazi ndogo ukiwa na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na kidole chako. Sasa kidole chenyewe ndicho kilinishinda. Mwanzoni mwa 2020, zoezi la kusajili laini kwa alama za vidole lilipofika ukingoni, namba yangu ya NIDA ilikuwa haijatoka, shemeji akanisitiri kwa kuweka kidole chake. Naye shemeji alishahamia Newala. Ikabidi aende dukani hukohuko, apewe laini mpya, aifunge kwenye bahasha na kumkabidhi kondakta wa basi. Niliipokea Mbagala Rangi Tatu siku ya kumi na tisa.

Ndiyo maana mtu akiniuliza achague hifadhi ipi ya mtandaoni, hiyo wanayoiita wingu, namuuliza kwanza laini yake imesajiliwa kwa nani. Piga *106# uone. Kama si jina lako, anzia hapo. Mambo ya GB yatasubiri. Kisha ingia kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti yako. Ukishawasha uthibitisho wa hatua mbili, yaani neno la siri halafu hatua ya pili kama ile namba iliyotumwa kwenye laini yangu, Google hukupa orodha ya namba 10 za akiba, kila moja ina tarakimu 8 na hutumika mara moja tu. Hizo ndizo zinazokuingiza siku laini haipo. Ziandike kwa kalamu, uziweke pamoja na vyeti vyako. Nimeona mtu kazipiga picha na kuziacha kwenye simu ileile anayoogopa kuibiwa.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie nafasi. Bila malipo Google hutoa GB 15, Apple na OneDrive GB 5 kila mmoja, Dropbox GB 2. Hizo 15 za Google zinagawana barua pepe, mafaili ya Drive na picha, na tangu tarehe 1 Juni 2021 picha mpya zote zinahesabiwa. Bakapu, yaani nakala ya akiba, ya WhatsApp kwenye Android nayo, ambayo zamani haikuhesabiwa, sasa inakula humohumo. Ukiwa kwenye magrupu matatu ya kamati za harusi, unalipia kwa nafasi yako video za kichen pati ya mtu usiyemjua. Na nafasi ikijaa si picha tu zinazogoma: barua pepe haziingii wala hazitoki, na ukiwa unasubiri kuitwa kwenye usaili utalijua hilo umeshachelewa. Futa za magrupu kwanza. Kama utalipia nafasi zaidi, hakikisha kadi unayotumia, hata ile ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye menyu ya pesa za simu, haikauki salio siku ya kukatwa.

Halafu kuna suala la bando, na hapa wengi wa Dar tunadanganyika. Programu hizi mara nyingi huwa zimewekwa zisubiri Wi-Fi ndipo zipandishe mafaili. Mtu asiye na Wi-Fi nyumbani wala kazini anaamini picha zake ziko salama, kumbe zimepanga foleni tangu mwaka jana. Fungua programu uangalie imeandika nini. Ukiamua kutumia bando, piga hesabu: GB 15 kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde ni takriban saa 16 na dakika 40, tena bila kukatika. Kwa hiyo tanguliza nyaraka, ambazo ni nyepesi, kisha picha, video ziwe za mwisho usiku bando likiwa la bei nafuu. Na usiweke kila kitu huko juu. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika, nchi nzima ilisuasua siku kadhaa, na aliyekuwa na faili lake mtandaoni tu alikaa akitazama kile kiduara kikizunguka. Nakala moja kwenye diski ya nje, ikikaa nyumba tofauti na unayolala, inatosha.

Kosa jingine ni kudhani kwamba kilicho mtandaoni hakifutiki. Ukifuta picha ndani ya Google Photos ili simu ipumue, umeifuta na huko juu. Inakaa kwenye pipa la taka siku 60, halafu basi. Faili la Drive lina siku 30. Kuna kitufe tofauti cha kuondoa zilizopo kwenye simu tu baada ya kuhifadhiwa, tafuta hicho. Na ukiifungia bakapu ya WhatsApp kwa neno la siri, ukilisahau hakuna wa kukufungulia.

Nyaraka za kuanza nazo ni zile zinazokupeleka kwenye foleni ndefu zikipotea: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho cha NIDA, hati au mkataba wa mauziano ya kiwanja. Wa bonde la Msimbazi hawahitaji kuambiwa masika yanafanya nini kwenye kabati. Nakala ya simu haichukui nafasi ya cheti halisi, lakini namba iliyomo itakuokoa siku ya kuomba kingine. Skani mwenyewe. Ukilazimika kwenda steshenari, usiondoke kabla hujatoka kwenye akaunti yako na kufuta faili kwenye kompyuta yao. Mara mbili nimekuta barua pepe ya mtu iko wazi, cheti chake cha kidato cha nne kikiwa kwenye skrini ya kompyuta, wateja wakipita.

La mwisho ni kujaribu. Kabla ya masika naazima simu ya dada yangu, naingia kwenye akaunti yangu kwa namba ya akiba kama vile ya kwangu imeibiwa, nashusha faili moja moja na kulifungua, kisha natoka. Mara ya mwisho vyote vilifunguka. Ila ukurasa wa pili wa mkataba wa kiwanja niliupiga picha kidole changu kikiwa juu ya namba ya kiwanja.