Kupika chakula cha Pemba ya karne ya 10: anza na chungu, viungo baadaye

Mwezi uliopita nilikaa siku nne na binti mmoja wa chuo aliyetaka kuwapikia wenzake "chakula cha Waswahili wa kale". Alikuja na mpango wa pilau, mchuzi wa nyanya na achari ya pilipili. Tulifuta karibu vyote tukaanza upya. Njia tuliyopita ni hii.

Hatua ya 1: Chagua mahali pamoja na karne moja

"Zamani" si tarehe. Mimi huchagua kaskazini mwa Pemba, kwa sababu pana maeneo mawili jirani yanayopokezana zamu: Tumbe, uliokaliwa karne ya 7 hadi ya 10, na Chwaka (ya Pemba, usichanganye na ile ya Unguja), kuanzia karne ya 11 hadi ya 16. Wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette walichimba huko, na Sarah Walshaw akachambua punje zilizoungua. Tumbe nafaka kubwa ilikuwa uwele. Chwaka mchele umeshika nafasi yake. Mchele ulikuwepo Tumbe pia, ila kidogo, kwa hiyo kupika wali wa karne ya 9 si kosa. Kosa ni kuufanya chakula cha kila siku.

Vitabu vya wasafiri visome, lakini baada ya punje. Al-Mas'udi, aliyesafiri pwani hii mnamo 916, anasema chakula kikuu cha Wazanji, yaani watu wa pwani hii, ni dhura, neno ambalo hufasiriwa mtama. Udongo wa Pemba unasema uwele. Vikipingana hivi, mimi nafuata udongo, kwa sababu punje iliungua pale pale jikoni ilipodondoka. Nazi ameitaja, na hiyo naitumia bila wasiwasi.

Hatua ya 2: Toa vilivyokuja baadaye

Mahindi, muhogo, nyanya, viazi, karanga, nanasi na pilipili zote za kuwasha isipokuwa pilipili manga. Asili yake ni Amerika, na hakuna kilichofika kwetu kabla ya Wareno kufika pwani hii mwaka 1498. Karafuu ya kulimwa Zanzibar ni habari ya karne ya 19.

Wengi hunipinga hapa kwa maneno ya msafiri Ibn Battuta. Mwaka 1331 alilishwa Mogadishu wali wa samli uliopambwa kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa mgando pamoja na achari ya ndimu, tangawizi mbichi, embe na pilipili. Pilipili hiyo haiwezi kuwa pilipili mbuzi, kwa kuwa mmea wenyewe ulikuwa bado ng'ambo ya Atlantiki. Ule pia ni mlo wa mgeni wa sultani, tena karne tatu na zaidi baada ya Tumbe.

Kinachobaki ni uwele, kunde, nazi, samaki wa mwambani kama changu na pono, na chumvi. Kinatosha.

Hatua ya 3: Twanga

Kinu na mchi, kisha ungo. Unga wa mashine ni laini mno na huganda vibaya kwenye chungu.

Hatua ya 4: Chungu

Hapa ndipo nilipopoteza siku tatu na vyungu vitatu, basi nenda nami polepole.

Usitumie sufuria. Sufuria itakupa chakula, lakini haitakufundisha chochote kuhusu vigae vinavyotoka ardhini, na vigae ndivyo vingi kuliko kitu kingine chochote katika maeneo haya. Nunua chungu cha udongo kwa mfinyanzi, kisichopakwa rangi wala vanishi. Nunua viwili, na sababu utaiona.

Chungu changu cha kwanza nilikinunua wakati wa masika, nikakitia maji na kukipandisha mafigani siku ile ile. Kilipasuka kabla maji hayajachemka. Udongo ulikuwa umefyonza unyevu, na unyevu ukigeuka mvuke ndani ya ukuta wa chungu hutafuta pa kutokea. Cha pili nilikianika vizuri, kikachemka vizuri, uji ukawa mzito, nikaongeza maji baridi. Ufa ulikwenda kutoka mdomo hadi kitako. Cha tatu nilikiepua kikiwa cha moto nikakiweka juu ya sakafu yenye maji.

Sasa nafanya hivi. Naanika chungu jua la siku mbili. Nakifudikiza juu ya makaa machache, mbali kidogo, mpaka nisiweze kukigusa. Kikipoa, napika ndani yake uji mwepesi na kuumwaga, kwa sababu wanga huziba vitundu vya udongo na chungu huacha kuvuja jasho. Siku ya kupika nakuwa na maji ya moto pembeni kwa ajili ya kuongezea, na kata ya majani makavu ya mgomba ya kukiweka kikiepuliwa. Moto uanze mdogo. Ukianza na miali mikubwa unatafuta ufa.

Halafu kuna kosa ambalo halipasui chungu ila linaharibu kazi yote: kupika vitu viwili ndani ya chungu kimoja. Nilipika uwele Jumatatu na wali Jumatano, kisha nikakaa kuchunguza alama za moto ndani na sikujua ipi ni ya nini. Chungu kimoja, chakula kimoja, mwanzo hadi mwisho. Andika kwa mkaa kwenye kitako.

Alama zenyewe ni hizi. Nje, masizi hukaa ubavuni, na kitako kilicholambwa na miali hubaki cheupe zaidi. Ndani, kinachochemka na maji mengi huacha mkanda mweusi usawa wa maji, na kinachokauka huacha ukoko chini. Mwanaakiolojia James Skibo aliona kwa Wakalinga wa Ufilipino kwamba vyungu vya wali vina doa jeusi chini ubavuni, kwa sababu wali ukikauka huepuliwa na kuwekwa kando ya makaa uive taratibu. Anayejua kupalia wali ataelewa mara moja. Lakini usihamishe matokeo yake Pemba kama yalivyo: sisi tunaweka makaa juu ya mkungu (kifuniko cha chungu) pia, na joto la juu hubadilisha mahali ukoko unaposhika. Ndiyo maana nasisitiza chungu cha pili, kipalie mara kumi kisha ukilinganishe na cha kwanza.

Hatua ya 5: Pika, mkale pamoja

Unajua kusonga. Kunde kwa tui, samaki wa kuchoma. Pakua kwenye bakuli moja kubwa la wazi, watu wakae duara. Fleisher ameonyesha jinsi mabakuli yanavyozidi kuonekana katika miji ya baadaye, na anayahusisha na karamu, kwa hiyo ukipika ya Chwaka usiwagawie watu sahani.

Hatua ya 6: Osha majivu

Wengi huishia kwenye kula. Kesho yake, ili uone nini cha mlo wako kingebaki ardhini, kusanya majivu yote ya mafigani, yatie kwenye ndoo ya maji, koroga kwa mkono polepole, na mimina kinachoelea juu ya kitambaa chepesi kama mtandio. Anika kivulini, kwa sababu jua kali hupasua mkaa. (Fanya hivi kwa majivu yako tu. Kuchukua udongo au kigae kwenye eneo la kale ni kosa la kisheria, na kunafuta ushahidi.)

Sisi tulipika kilo mbili za uwele. Kwenye mtandio tulipata punje kumi na moja na vipande vya kifuu, na miba ya changu ilibaki chini ya ndoo. Kunde hata moja haikuonekana, na tui halikuacha dalili. Binti alizihesabu zile punje mara mbili, akazifunga kwenye karatasi, akaandika juu yake tarehe na namba ya chungu.