Kufufua bunduki ya upepo ya kupampu uliyorithi kwa mzazi

Bunduki ya upepo ya kupampu, ile unayoijaza hewa kwa mkono wake yenyewe, ikikaa kabatini miaka mingi mara nyingi haijafa, imekauka tu. Chuma na mbao huvumilia. Kinachochoka ni mpira na ngozi zinazozuia hewa. Kwa hiyo bisibisi isubiri. Ila sheria isisubiri: kuna nchi ambako hata bunduki ya upepo huhitaji kibali, na kibali cha marehemu hakirithiwi pamoja na bunduki.

Hatua ya 1: Itoe hewa na risasi. Ichukulie kuwa ina vyote viwili. Elekeza mtutu kwenye fungu la mchanga, koki (vuta nyundo ya ndani nyuma hadi inase), fyatua bila kupampu. Rudia hadi usisikie pumzi yoyote. Kisha acha bolti (komeo la mahali pa kuingizia risasi) wazi, simama pembeni, na upitishe kijiti chembamba cha mbao mtutuni. Risasi kuukuu hupenda kunasa humo.

Hatua ya 2: Inyweshe. Fungua mkono wa pampu hadi mwisho uone pistoni. Aina nyingi za zamani zina pete ya felti (kitambaa kizito kinachonyonya mafuta) hapo. Idondoshee matone machache ya mafuta yaliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya bunduki za upepo. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu ziache kabisa: hula mpira, na mvuke wake ukigandamizwa unaweza kuwaka ndani ya silinda. Pampu taratibu mara chache, fyatua mchangani, kisha iache ilale usiku mzima. Kama ina washa ya ngozi, ile ile kama ya pampu ya baiskeli, itavimba na kubana upya.

Hatua ya 3: Sikiliza. Hapa ndipo wengi hukata tamaa bure. Katika aina nyingi za zamani, nyundo isipokokiwa huiegemea vali (kizibo kinachozuia hewa) na kuiacha wazi, hivyo kila unachopampu hutoka. Koki kwanza, ndipo upampu, mara 3 tu, bila risasi, kidole kikiwa mbali na kifyatulio. Mkono ukiwa mwepesi tangu mwanzo, pistoni haibani. Ukijiinua wenyewe baada ya kuufunga, vali ya kuingizia hewa inarudisha. Kama mkono umetulia lakini unasikia mvumo mwembamba kwenye mtutu, vali ya kutolea ndiyo mgonjwa. Usisogeze sikio wala uso mdomoni mwa mtutu, paka povu la sabuni kwa mkono ulionyooshwa kutoka pembeni uone kama linavimba. Ukimya ni habari njema: subiri saa moja, fyatua mchangani. Mlio ukiwa na nguvu, huna haja ya kufungua chochote.

Hatua ya 4: Ikibidi kufungua. Tafuta namba ya modeli iliyochongwa kwenye bomba, uagize seti ya sili (mipira ya kuzuia hewa) za modeli hiyo hiyo. Piga picha kila kipande kabla hakijatoka. Nati ya vali kwa kawaida hutaka kifaa chake maalumu. Ukiilazimisha kwa koleo utaiharibu. Na kama ilipampuliwa kupita kiasi hadi nyundo ishindwe kuisukuma vali, bado imebeba shinikizo: usiifungue, mpelekee fundi.

Hatua ya 5: Sura yake. Futa vumbi, paka kitako mafuta ya kitani kiasi, basi. Mimi siungi mkono kupiga msasa. Pale rangi ilipotoka kwa viganja vya mzazi wako hapahitaji ukarabati, na bomba la shaba halishiki kutu hata likibaki wazi. Mtutu wa shaba usiusugue kwa brashi ya chuma wala kuulisha gololi za chuma. Mifereo yake, ile mikondo ya ndani inayoizungusha risasi, ni laini. Tumia risasi laini za madini ya risasi yenyewe, za kipenyo sahihi: 4.5 mm, 5 mm na 5.5 mm haziingiliani.

Hatua ya 6: Matumizi na kuhifadhi. Kikomo cha aina nyingi ni pampu 8 au 10. Kwa mzee huyu, 5 zinatosha kwa shabaha. Watengenezaji kadhaa hushauri ihifadhiwe na pampu moja ya hewa, bila risasi, ili vali zibaki zimefunga. Maana yake bado inaweza kufyatuka, hivyo kabati liwe na kufuli.