Presha ikishuka katikati ya TAVI, anza kuangalia hapa

Hii ni ya wenzangu wa kathilabu (chumba cha kutibu moyo kwa kupitia mishipa) mnaoanza kuingia kwenye TAVI, yaani kubadilisha vali ya aota (mlango wa mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo) kwa kupitia mshipa wa kinena bila kupasua kifua. Tangu Alain Cribier aifanye mara ya kwanza pale Rouen, Ufaransa, mwaka 2002 vifaa vimekuwa vizuri mno, lakini vali ishakaa na presha haipandi bado mtu unatoka jasho.

Kwanza waya ulioongoza vali hadi ndani ya moyo usiutoe. Ukiutoa umefunga njia ya kurudi, na kama vali imeteleza ndo kabisaa.

Halafu monita. Mapigo yamekuwa ya pole pole au yamekata? Umeme wa moyo umezibwa, washa pesimeka ya muda (kifaa cha kuusukuma moyo upige kwa umeme). Moyo unatetemeka tu, piga shoku. Mapigo yakiwa sawa weka eko (ultrasaundi ya moyo) hapo hapo, kuna maji kuzunguka moyo? Hiyo ni damu, mara nyingi waya umetoboa, inyonyeni kwa sindano, daktari aamue kuhusu protamini ya kuua heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), damu ya kuongeza iwe imeshafika na sio inatafutwa, na ikiendelea kujaa mwiteni daktari wa upasuaji, inawezekana pete ya vali imechanika.

Hakuna damu? Cheki presha ya chini, ikiwa imeanguka sana vali inavuja pembeni, watapanua tena kwa puto au waweke ya pili. ECG (mchoro wa umeme wa moyo) ikibadilika na ukuta wa moyo hausogei, fikiria koronari (mshipa unaolisha moyo wenyewe) imezibwa na jani la vali ya zamani, ndo maana kwenye CT tunapima urefu wa mlango wa koronari kutoka kwenye pete ya vali, ukiwa chini ya milimita 10 waya na stenti (kibomba cha kuushikilia mshipa wazi) vinakaa tayari mapema.

Sasa kuna moja inadanganya wengi: moyo mdogo wenye kuta nene, mzigo wa vali iliyobana umetoka ghafla, unajibana wenyewe. Hapo adrenalini inaua jamani!! Mpe maji ya mshipani na finilefrini (dawa ya kubana mishipa), utashangaa.

Na presha ikishuka wakati shithi (bomba la kinena tulilopitishia vifaa) inatolewa, usihangaike na moyo, angalia kinena na nyonga, piga picha ya mishipa kutokea kinena cha upande wa pili, puto lizibe kwanza ndo stenti iliyofunikwa ifuate.

Mgonjwa aliyeingia na RBBB (njia ya umeme ya upande wa kulia wa moyo imezibwa) msimtoe waya wa pesimeka kwa haraka, alale nao, moyo wake unaweza kuzimika saa nane usiku wodini.