Nani kamuua tajiri wa karafuu? Somo la kutengeneza fumbo la mauaji kwa kuunganisha picha

Somo hili ni la wanaopenda mchezo wa kumsaka muuaji na wanataka kuutengeneza wenyewe. Unapiga picha kadhaa nyumbani, unaziunganisha ziwe picha moja, kisha unawapa ndugu na marafiki waichunguze mpaka wamtaje aliyefanya. Utahitaji simu yenye kamera, kitu cha kuishikilia isitikisike, na kompyuta yenye GIMP, ambayo ni programu ya bure. Wenye simu peke yake nao wamo, wasome mpaka kwenye maswali.

Kwanza tuelewane jambo moja. Kwenye bango la tamasha, kivuli kikielekea pabaya, mtazamaji ataona picha haijakaa sawa na atapita. Kwenye picha ya fumbo, mtazamaji ni mpelelezi. Umemwambia atazame kila kitu, naye atatazama. Kivuli kilichokosewa atakiandika kama ushahidi, atakijengea hoja, na hoja yake itakuwa ya haki kabisa. Kwa hiyo hapa kosa la ufundi ni ushahidi wa uongo. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye mwanga na vivuli, mengine nitayapitia haraka.

Hatua ya 1: Andika jibu kabla ya kugusa kamera

Wengi huanza na maiti, halafu wanatafuta nani alaumiwe. Anza na jibu: nani, kwa nini, kwa njia gani, saa ngapi. Kisha jiulize jibu hilo lingeacha alama gani mahali pale.

Mfano wetu: tajiri wa karafuu amekutwa amekufa uani kwake. Washukiwa ni mpwa wake, mpishi, dobi na mkopeshaji. Jibu ni mpwa. Alimtilia sumu kwenye kahawa wakati wa alasiri, kisha akairudisha nyuma saa ya ukutani na kuitoa betri isimame saa sita na robo mchana, kwa sababu saa sita na robo yeye alikuwa harusini na watu mia walimwona.

Dalili zake ni hizi. Saa ya ukutani inasema saa sita na robo, lakini mchi uliosimama ndani ya kinu unatupa kivuli kirefu kinacholingana na urefu wake. Mtu wa pwani akikiona kivuli hicho anajua ni alasiri, maana wakati wa sala hiyo hutambulika hivyo hivyo: kivuli cha kitu kufikia urefu wa kitu chenyewe, ukiongeza kile kidogo kilichokuwapo adhuhuri. Kwenye sinia kuna vikombe viwili vya kahawa, kwa hiyo aliyekuja alikaribishwa akaketi. Dobi haketi kunywa kahawa na tajiri. Na kwenye kiti kuna kanga ya mpishi, yenye jina lake karibu na pindo: UMDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Kanga inamtia mpishi matatani, na papo hapo inasema kweli. Dalili ya namna hii, inayopotosha bila kusema uongo, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mkopeshaji anabaki, na huyo mvishe saa ya mkononi inayokwenda sawa, isomeke. Mwenye kutembea na saa sahihi, akipanga udanganyifu wa wakati, asingesahau kuificha saa yake mwenyewe.

Kama unataka kumjua aliyefika mbali kwenye ufundi wa dalili, ni Frances Glessner Lee wa Marekani. Miaka ya 1940 alitengeneza vyumba vidogo vya mfano, kipimo cha 1 kwa 12, kila kimoja kikiwa na kifo cha kuchunguzwa, ili kuwafundisha askari wapelelezi kutazama. Soksi za wanasesere alizifuma kwa mkono. Sehemu kubwa ya vyumba hivyo imehifadhiwa mjini Baltimore, kwenye ofisi ya wachunguzi wa vifo ya jimbo la Maryland. Tazama picha zake kabla hujapanga uani kwako.

Hatua ya 2: Funga kamera, kisha usiiguse

Njia rahisi ya kuunganisha ni kutokata kitu. Weka simu kwenye stendi, au iegemeze kwenye matofali, halafu piga kila picha kutoka pale pale. Kwenye simu nyingi ukibonyeza kioo na kushikilia kidole, umbali na mwanga hufungwa visibadilike. Tumia taima ya sekunde 3 au 10 ili kidole kisiitikise simu.

Piga uwanja mtupu kwanza, bila mtu. Picha hii ndiyo msingi, na ukiikosa utaijutia. Kisha piga marehemu peke yake, halafu mshukiwa mmoja mmoja, kila mtu sehemu yake bila kuingilia ya mwenzake. Watu wawili wakigusana au kivuli cha mmoja kikimwangukia mwingine, wapige pamoja. Uzuri wa njia hii ni kwamba mtu mmoja anaweza kucheza washukiwa wote wanne kwa kubadilisha nguo tu.

Fanya haraka. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa, yaani karibu nyuzi 4 kila robo saa, na vivuli husogea nalo. Ukienda kunywa chai katikati ya kazi, utarudi ukute mshukiwa wa nne anaangaziwa na jua jingine. Na kwa fumbo letu lazima upige alasiri ya kweli. Usipige saa sita ukitegemea kuchora kivuli baadaye.

Macho ya waigizaji yasisahaulike. Mpishi anatakiwa kumtazama mpwa ambaye kwenye picha yake hayupo, basi tundika kofia kwenye kijiti mahali atakaposimama mpwa, usawa wa uso. Macho yanayotazama hewani huvunja picha hata kama mengine yote yako sawa.

Marehemu naye ana kazi. Mwaka 1840 mpiga picha Hippolyte Bayard wa Ufaransa alijipiga picha akijifanya maiti ya mtu aliyekufa maji, na nguvu ya picha ile iko kwenye mwili uliolegea na macho yaliyofumbwa. Mlaze wako vibaya: mkono mmoja chini ya mwili, ndala moja imetoka, uso umegeukia mbali. Mtu aliyelala usingizi hujipanga vizuri, aliyeanguka hajipangi.

Hatua ya 3: Unganisha

Kwenye GIMP fungua picha tupu, kisha nyingine zote uzifungue kama leya, yaani tabaka za picha zinazolala juu yake. Kwa kuwa kamera haikusogea, zitakaa sambamba zenyewe. Kila leya ya mtu ipe maski nyeusi, yaani kifuniko kinachoificha leya: palipo peusi hufichwa, palipo peupe huonekana. Mtu atatoweka. Sasa chukua brashi nyeupe yenye kingo laini, paka kwenye maski mahali mtu aliposimama, naye atarudi. Ukizidisha, bonyeza X ili rangi igeuke nyeusi, ufute. Hakuna kinachoharibika, maana picha yenyewe hujaigusa.

Unapomrudisha mtu, rudisha na kivuli chake mpaka mwisho. Halafu tafuta mahali pengine alipo: kwenye kioo cha dirisha, kwenye sinia inayong'aa, kwenye vigae vilivyolowa. Mshukiwa asiyeonekana kwenye kioo kilicho mbele yake ni dalili, na wewe hukuipanga.

Hifadhi kazi kama XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, ili leya zibaki. JPEG, picha ya kawaida ya kutuma, ni ya mwisho kabisa.

Hatua ya 4: Kitu kinachotoka picha nyingine

Tuseme unataka chupa ya sumu uliyoipiga siku nyingine. Hapa ndipo penye kazi.

Mwanga utoke upande uleule na kimo kilekile. Ukigeuza picha kushoto kulia ili mwanga ufuate, angalia maandishi: lebo itasomeka kinyume, na mpelelezi makini ataiona mara moja.

Kimo cha kamera nacho kiwe kimoja. Kamera ikiwa usawa wa kifua, mstari wa upeo, pale anga inapokutana na ardhi, hupita kwenye kifua cha kila aliyesimama kwenye sakafu hiyo, aliye karibu na aliye mbali, wakiwa na urefu sawa. Ukileta mtu kutoka picha iliyopigwa kamera ikiwa chini karibu na magoti, ataonekana anaelea hata ukimpunguza mara ngapi. Chupa iliyopigwa kutoka juu vilevile haikai kwenye meza iliyopigwa kutoka ubavuni. Afadhali upige tena.

Kivuli chake kichore kwenye leya mpya iliyo chini ya chupa, ukiiweka leya hiyo kwenye hali ya kuzidisha (Multiply) ili iitie giza sakafu bila kuifunika. Usitumie nyeusi tupu. Kivuli cha nje mchana huwa na ubuluu kidogo kwa sababu anga bado inakiangazia. Kiwe na sehemu mbili: mstari mwembamba mzito pale chupa inapogusa sakafu, na kivuli kirefu ambacho kingo zake zinalainika kadiri kinavyokwenda mbali. Ule mstari mwembamba ndio unaoikalisha chupa chini.

Hatua ya 5: Damu

Kwa maoni yangu, iache. Damu nyingi huvuta macho yote na kufunika dalili ulizozihangaikia, na kwa mchezo wa familia si lazima. Ukiitaka, kumbuka damu mbichi ni nyekundu ya kung'aa na iliyokauka ni ya kahawia. Ukikosea rangi, umetaja saa ya kifo isiyo yako. Juisi nzito ya rozela hufaa kuliko tomato sosi, ambayo ina rangi ya chungwa kidogo.

Hatua ya 6: Andika MCHEZO ndani ya picha

Si kwenye maelezo chini, ndani ya picha yenyewe. Picha ikisambazwa WhatsApp maelezo hubaki nyuma, picha husonga peke yake, na jirani anaweza kuamini kuna maiti mtaani. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kifungu cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo.

Jambo hili lina historia mbaya. Mwaka 1871, baada ya Komuni ya Paris, serikali ya waasi wa jiji hilo, kushindwa, mpiga picha Eugène Appert aliwapanga waigizaji waigize mauaji yaliyotokea wakati ule, akabandika nyuso za watu halisi juu ya miili yao, akauza picha hizo. Ufundi ni huuhuu tunaojifunza leo. Kwa hiyo uso wa mtu usiingie kwenye picha yako, awe muuaji au maiti, bila yeye mwenyewe kukubali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Tanga: Shikamoo mwalimu. Sina kompyuta. Simu peke yake itaweza?

Marahaba. Itaweza. Photopea, programu ya kuhariri picha, hufunguka kwenye kivinjari bila kusakinisha kitu na ina leya na maski, ingawa kwenye kioo kidogo inahitaji subira. Mtu akiwa na simu tu, namshauri apunguze washukiwa wawe wawili na asilete kitu kutoka nje. Piga vizuri, kazi ya kuunganisha itakuwa ndogo.

Mwanachama, Mombasa: Nimemkata binti yangu kutoka picha nyingine, nywele zina ukingo mweupe pande zote. Nifanyeje?

Huo ni mwanga wa ukuta mweupe aliokuwa amesimama mbele yake, umeingia kwenye nywele. Sogeza ukingo wa maski ndani kidogo, kisha paka ukingo huo kwa brashi ya giza kwenye leya ya kuzidisha. Lakini dada, kama binti yupo nyumbani, mpige upya mbele ya ukuta wa rangi inayokaribiana na ya picha yako. Dakika moja ya kupiga inaokoa saa nzima ya kusafisha nywele.

Mwanachama, Muscat: Kwa nini nisiiambie akili bandia ichore eneo zima?

Unaweza kupata picha ya kuvutia, ndugu yangu. Ila fumbo linataka saa isomeke saa sita na robo, kivuli kiseme alasiri, na vikombe viwe viwili kamili. Programu hizo huweza kuongeza kikombe au kupindisha kivuli bila kukuuliza, na itabidi uikague picha yote kama mpelelezi kabla ya kuitoa. Mimi napenda kila kitu kilichomo kiwe kimewekwa na mkono unaojua kwa nini.

Mwanachama, Morogoro: Wanangu wana miaka 8 na 10. Mauaji naona mazito kwao.

Badilisha kosa, ufundi uache ulivyo. Nani kala maandazi ya bibi? Sahani tupu, unga kwenye mkono wa kaka, kivuli cha mtu mlangoni. Watoto wa umri huo huona mambo ambayo wakubwa wanayapita, kwa hiyo usilegeze vivuli.

Mwanachama, Zanzibar: Picha yangu ni safi kwenye kompyuta, nikiituma kwenye kundi maneno ya kanga hayasomeki kabisa.

WhatsApp huipunguza picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Itume kama faili la hati, itafika kama ilivyo. Na unapopiga, isogeze kanga karibu na kamera, jina lielekee mbele, ili hata atakayeifungua kwenye simu ndogo apate dalili ileile waliyoipata wenzake.