Kufuatilia waliojitokeza kupiga kura siku ya LC5: daftari, penseli na simu ya tochi

Juzi mpwa wangu alinipigia kutoka Malaba. Kikundi chao cha vijana kinataka kujua, siku ya LC5 (Local Council 5, baraza la wilaya hapa Uganda), yaani siku ya kumchagua mwenyekiti wa wilaya, ni watu wangapi wanaofika kituoni na wanafika saa ngapi. Nilimweleza hadi salio likakata katikati ya neno. Nikaona heri niandike, maana kazi hii niliifanya hapa Busia tarehe 20 Januari 2021, na kuna kosa moja lililonila mchana mzima. Nisingependa na yeye limle.

Siku ya LC5 si siku ya rais. Siku ya rais foleni inazunguka uwanja wa shule. Siku ya LC5 ikifika saa nane mchana unakuta msimamizi wa kituo anapiga miayo na askari kavua kofia. Huo uchache unakusaidia: mtu mmoja makini anaweza kuhesabu kituo kizima peke yake.

Hatua ya 1: Chagua vituo

Usivichukue vyote. Chukua vichache, vya mjini na vya kijijini, na kila kimoja kiwe na mtu wako anayeishi karibu. Mtu wa kutoka mbali ataondoka saa saba kutafuta chakula.

Hatua ya 2: Ujue unasimama wapi

Wakala wa mgombea ana barua ya mgombea. Mwangalizi ana kitambulisho cha Tume ya Uchaguzi, na kinaombwa mapema, si asubuhi ya kura. Kama huna hata kimoja, wewe ni raia tu: piga kura yako, kisha sogea mita 20 kutoka kituoni, simama hapo. Umbali huo unatosha kabisa kwa kazi yetu. Simu ikae mfukoni, usipige picha, na usivae rangi ya chama chochote. Mimi huvaa shati la kijivu.

Hatua ya 3: Pata namba ya chini

Mwitikio ni hesabu ya darasa la tano: waliopiga kura unawagawanya kwa walioandikishwa, unazidisha kwa mia. Watu wote wanahangaikia namba ya juu, waliopiga kura. Wachache wanakumbuka kwamba ya chini, walioandikishwa, ndiyo inayoharibu.

Kituo kikubwa hugawanywa kwa herufi za majina ya ukoo. Chini ya mwembe mmoja utakuta meza mbili, A hadi M na N hadi Z, kila moja na daftari lake, masanduku yake na msimamizi wake. Kwa Tume hivyo ni vituo viwili. Kwa mtaa ni kituo kimoja, "pale mwembeni". Ukihesabu watu wa meza zote mbili halafu ukagawanya kwa walioandikishwa wa meza moja, utapata asilimia 108, utadhani umefumania wizi wa kura. Hujafumania kitu. Kwa hiyo kila meza ipewe namba yake na mtu wake. Idadi ya walioandikishwa ichukuliwe kwenye orodha ya Tume kabla ya siku, na asubuhi mtu wako amuulize wakala yeyote aliye ndani kama inalingana na iliyo mezani.

Na usijaribu kukisia meza moja kwa kutazama nyingine. Huku kwetu herufi zina jinsia. Kwa Wateso na Wajopadhola wanaume wengi ni O na wanawake wengi ni A: Okello na Akello, Ouma na Auma. Kwa Wasamia wanawake wamejaa kwenye N, akina Nabwire na Nafula, na wanaume kwenye O na W, akina Ouma na Wandera. Sasa fikiria asubuhi ambayo akina mama wamewahi soko la mpakani na wanaume wamebaki. Meza ya A inalala, meza ya O inachemka. Jioni mambo yanageuka. Mtu anayesema "meza zote ni sawa tu" hajawahi kukaa Busia.

Hatua ya 4: Hesabu watu, usihesabu karatasi

Siku hiyo mpiga kura mmoja anapewa karatasi zaidi ya moja: ya mwenyekiti wa wilaya, ya diwani, ya diwani mwanamke. Ukihesabu karatasi utajikuta na kijiji kikubwa kuliko Jinja. Tena mahali ambapo mgombea wa udiwani hana mpinzani, karatasi hiyo haitolewi kabisa. Hesabu vichwa.

Na usihesabu foleni. Kuna anayepanga mstari akachoka. Kuna anayefika mezani jina lake likakosekana, akarudi nyumbani anasonya. Kuna ambaye mashine ya alama za vidole inamkataa, hasa wazee waliolima maisha yao yote hadi vidole vikawa laini kama kijiko. Huyo wanamtafuta kwenye daftari la karatasi, naye bado anaweza kupiga kura. Subiri mtu atoke. Aliyepiga kura utamjua hata kwa mbali: anatembea huku amenyoosha kidole, anapuliza wino. Huyo ndiye mstari mmoja kwenye daftari lako.

Bibi akiletwa na mjukuu wa kumsaidia kutia alama, ni kura moja. Mjukuu naye akirudi kupanga foleni apige kura yake mwenyewe, utamwandika zamu yake ikifika.

Andika kwa mistari mitano: minne imesimama, wa tano unalala juu yake. Tumia penseli, kwa sababu kalamu ya wino ikilowa jasho inasambaa. Nimeona vijana wamepakua programu za kuhesabia kwenye simu zao kubwa, saa tano betri imekufa na hesabu imekufa nayo. Zile kaunta ndogo za kubonyeza ni nzuri, ila mtoto akikuomba achezee umekwisha. Daftari la mraba la shule halina mpinzani.

Hatua ya 5: Kutuma hesabu

Hapa nitakaa sana, na nisamehewe.

Mwaka 2021 mpango wangu wote ulikuwa WhatsApp. Nilishatengeneza kundi, nikawaeleza watu, nikaweka na picha ya bendera. Usiku wa tarehe 13 Januari, mkesha wa kura za rais, intaneti ikazimwa nchi nzima, ikarudi tarehe 18. LC5 ilikuwa tarehe 20. Siku mbili tu, na mitandao ya kijamii bado ilikuwa inasumbua. Nikavunja kila kitu, nikasema tutumie ujumbe wa kawaida wa simu. Uamuzi huo ulikuwa mzuri na mpaka leo sitaki kusikia habari ya kundi. Simu ya tochi inakaa na chaji siku tatu, na ujumbe mfupi unapita hata mtandao ukiwa wa kuchechemea.

Kosa langu lilikuwa katika maneno niliyowaambia: "Kila baada ya saa mbili, nitumieni waliopiga kura."

Soma tena sentensi hiyo. Waliopiga kura tangu lini? Nusu ya watu wangu walielewa tangu asubuhi. Nusu nyingine walielewa tangu ujumbe uliopita. Mmoja akatuma 60, halafu 95, halafu 121, maana yake jumla inapanda. Mwingine akatuma 60, halafu 35, halafu 26, maana yake kila duru na watu wake. Vituo hivyo viwili viko sawasawa kabisa, lakini kwenye karatasi yangu kimoja kilionekana kinafurika na kingine kinakauka. Tena wale wa kundi la kwanza mimi nilikuwa nawajumlisha, 60 na 95 na 121, nikaandika 276.

Nisingechelewa kugundua kama si shida ya pili, na hii ni yetu sisi tunaosema Kiswahili. Ujumbe unaingia: "saa 3 watu 88". Saa tatu ipi? Kwangu saa tatu ni asubuhi, jua linapanda. Kwa kijana aliyesoma shule ya bweni Kampala, anayesoma saa kama ilivyo kwenye kioo cha simu, saa 3 ni alasiri. Ujumbe ungefika kwa wakati ningejua. Lakini siku hiyo baadhi ya ujumbe ulichelewa, ukashuka kwa mpigo kama mvua ya mawe. Nilikuwa na "saa 3", "saa 5" na "saa 9" kutoka kwa mtu mmoja, zote zimeingia ndani ya dakika moja, na sikujua ipi ilitangulia. Nikaanza kupiga simu kituo hadi kituo. Wawili hawakupokea. Mmoja alipokea akanong'ona kwamba askari anamtazama. Kufika saa tisa alasiri nilikuwa nimefuta karatasi mara tatu na sina hata namba moja ninayoiamini.

Kwa hiyo, mpwa wangu, fanya hivi.

Tuma jumla tangu kituo kufunguliwa, siku zote. Usitume tofauti. Sababu ni rahisi: ujumbe mmoja wa jumla ukipotea, unaofuata unaufidia. Ujumbe mmoja wa tofauti ukipotea, hesabu ya siku nzima imetoboka na hutajua imetobokea wapi. Jumla pia inajilinda yenyewe, kwa kuwa haiwezi kushuka. Ukiona namba ya sasa ni ndogo kuliko iliyopita, kuna mtu amekosea, mpigie.

Usitumie saa kabisa. Zipe duru majina. Mimi sasa natumia A, B, C, D na E. A ni saa tatu asubuhi, B ni saa tano, C ni saa saba, D ni saa tisa, E ni baada ya mtu wa mwisho. Mweleze kila mtu kwa mdomo, mkiwa mnatazama jua ikibidi, kisha mwandikie nyuma ya daftari lake. Hapo ujumbe ukifika kesho yake bado utajua ni wa lini.

Namba ya kituo, herufi ya duru, jumla. Basi:

07 B 95

Hakuna salamu, hakuna "mambo ni shwari". Mwenye habari ya ziada atume ujumbe wa pili. Asiye na mabadiliko atume vilevile, 07 C 95, kwa sababu ukimya una maana mbili: hakuna aliyekuja, au mtu wako amelala.

Kabla ya siku yenyewe fanyeni jaribio. Kila mmoja akae kando ya barabara nusu saa, ahesabu bodaboda zinazopita, atume duru A na B. Atakayekosea kwenye bodaboda angekosea kwenye kura. Nilipofanya jaribio hilo baadaye na kikundi kingine, watatu kati ya kumi walituma tofauti badala ya jumla, na niliwaeleza mara mbili.

Salio wape wewe, asubuhi, kila mtu. Ukimwambia ajigharamie utamlipa baadaye, duru D haitafika.

Hatua ya 6: Mezani kwako

Karatasi moja kubwa. Vituo vinashuka, duru zinakwenda pembeni, walioandikishwa safu ya kwanza. Kompyuta si lazima.

Duru ambayo kituo hakijaripoti, usiweke sifuri. Acha wazi. Na unapotafuta asilimia ya vyote, gawanya kwa walioandikishwa wa vituo vilivyoripoti peke yake. Hata hesabu ya taifa hubadilika kwa namna hiyo: rais alipotangazwa tarehe 16 Januari 2021, mwitikio ulisomwa asilimia 57 na ushei ya watu 18,103,603 walioandikishwa, wakati kuna vituo vilivyokuwa havijaingizwa. Vilipoingizwa, ukapanda hadi 59. Hakuna mtu aliyeongezeka. Ni karatasi zilizokuwa njiani.

Hatua ya 7: Saa kumi

Kituo kinafungwa saa kumi jioni, ila aliyekuwa kwenye mstari saa hiyo anapiga kura. Mtu wako asiondoke. Kura zinahesabiwa palepale, na matokeo yanaandikwa kwenye fomu tunayoiita DR (Declaration of Results, tangazo la matokeo). Mawakala wanapata nakala, nyingine inabandikwa kituoni.

Hapo linganisha. Chukua matokeo ya mwenyekiti: kura halali za wagombea wote, jumlisha kura zilizokataliwa. Hao ndio waliopiga kura. Zilizoharibika usizijumlishe. Watu wanachanganya mbili hizi kila uchaguzi. Iliyoharibika ni ya mtu aliyekosea akairudisha, akapewa nyingine. Yeye tayari yumo kwenye hesabu. Iliyokataliwa ilishaingia sandukuni, ila alama yake haieleweki.

Ukitofautiana na fomu kwa watu watatu au wanne, ulikwenda kujisaidia wakati fulani. Ukitofautiana kwa arobaini, kwanza jikague: meza mbili? Tofauti badala ya jumla? Ukishajikagua ndipo uulize wengine.

Na LC1, baraza la kijiji, je?

Mpwa wangu aliuliza hili mwisho kabisa. Kijijini hakuna karatasi wala sanduku: watu wanapanga mstari nyuma ya mgombea wao, kama tulivyofanya tarehe 10 Julai 2018, mara ya kwanza tangu 2001. Duru hazina kazi hapo, kwa kuwa wote wanahesabiwa kwa mpigo. Namba ya chini ni daftari la wakazi wa kijiji, iombe mapema. Waliosimama pembeni chini ya kivuli kutazama hawajapiga kura, hata kama wamepiga makofi. Panda mahali pa juu kidogo, anza mkiani kuelekea kwa mgombea, na uhesabu sambamba na msimamizi, kwa sababu akishatamka namba mstari unavunjika papo hapo na watu wanakimbilia kumbeba mshindi.