Kuanika korosho msimu wa ngurumo

Huku kwetu Newala, mkoani Mtwara, mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, nao huanza korosho bado ziko juani. Kwa hiyo kila jioni nasikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni. Wakisema "mvua na ngurumo katika maeneo machache", usidhani umesalimika. Wingu litachagua kijiji, na huenda ni chako. Wakirudia hivyo siku tatu mfululizo, mimi sianiki kundi jipya. Nageuza lililopo tu.

Anika asubuhi mapema, turubai likiwa limekunjwa hapohapo pembeni. Mwaka juzi nililifungia stoo, mwanangu akaondoka na ufunguo. Korosho zikalowa, zikaota madoa, nikauza daraja la pili huku nimenuna.

Kuanzia saa nane mchana tazama juu. Mawingu yakirundikana kama kichuguu, meupe kileleni na meusi chini, anza kukusanya. Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie mngurumo, kisha gawa kwa 3: hizo ndizo kilomita. Sekunde 30 ni kama kilomita 10. Zikifika hapo au zikipungua, acha hata gunia, ingia ndani. Usijikinge chini ya mkorosho, hata kama aliupanda babu yako. Toka dakika 30 baada ya mngurumo wa mwisho.

Ah, na mifereji ya bati uisafishe mapema, ukinge maji ya mvua. Shida ya maji Newala tunaijua wenyewe.